Mwalimu Aliyetupangia Pa Kusimama

Mwalimu wa kwaya yetu hakujali sana una sauti gani. Alijali unasimama karibu na nani. Nilipojiunga nilikuwa mgeni Mbeya, nimetoka Tukuyu kuja kushona nguo Mwanjelwa. Alinisikiliza kidogo tu, akasema nitaimba sauti ya pili, halafu akaanza kunihamisha. Mazoezi ya leo niko pembeni, ya kesho katikati, wiki inayofuata nyuma kabisa karibu na dirisha. Nikadhani ananionea kwa ugeni wangu. Siku moja nikamuuliza.

"Wewe ukiwa peke yako unaimba vizuri," alisema. "Ukisimama na huyu mama, unakuwa yeye. Akikosea unakosea naye, tena kwa nguvu kuliko yeye."

Yule mama aliyesimama kando yangu alicheka, mimi nikanuna. Lakini ilikuwa kweli.

Jina lake huyo mwalimu hatukulitumia. Kanisani alikuwa Mwalimu, na sokoni, alikokuwa na duka la mbegu na mbolea, wakulima waliotoka Uyole na Inyala nao walimwita Mwalimu, ingawa darasani hakuwahi kufundisha hata siku moja. Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa sweta ya kahawia hata jua likiwaka. Noti ya kuanzia aliitoa huku ameshika sikio la kushoto, kama mtu anayesikiliza simu. Hasira zake zilikuwa za kimya. Tukiharibu wimbo alikuwa anafunga daftari la nyimbo, anakwenda kusimama mlangoni na kutuonyesha mgongo mpaka tuone aibu wenyewe.

Kuna kitu alitufanyia ambacho wengine hawajamsamehe mpaka leo. Alikuja mwimbaji mpya wa sauti ya tatu, mwalimu wa sekondari, anayesoma solfa kama mtu anavyosoma gazeti. Kabla ya mazoezi Mwalimu aliwaita pembeni wale wengine wa sauti ya tatu, akawaambia wakifika mstari fulani waimbe noti ya la badala ya so, tena waiimbe bila woga. Sisi wengine hatukujua. Tukaimba. Mara ya kwanza yule mgeni aliimba so, akageuza macho kuwatazama wenzake. Mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo. Mara ya tatu alikuwa kwenye la pamoja nao, na uso wake umetulia.

Mwalimu akatusimamisha. "Ndugu, kwenye karatasi yako imeandikwa nini?"

"So."

"Uliimba nini mwanzo?"

"So."

"Ukahama kwa nini?"

Mgeni akaitazama tena karatasi. "Nilijua nimekosea mimi. Wao wote wanaimba la."

"Hukukosea. Nimewatuma."

Watu wakaangua kicheko, na yule bwana akakasirika nusura aondoke. Mwalimu hakucheka. Alimwomba radhi mbele yetu, kisha akatuambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu hakuwa mtu wa hotuba. Alisema: "Msimcheke. Hakuna humu ambaye angebaki kwenye so. Mimi mwenyewe nisingebaki."

Wakati ule tulidhani anajishusha ili kumpoza mgeni.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowachosha watu. Ukimwambia "Mwalimu, watu wanasema kwaya yetu imeshuka," yeye alikuwa anauliza: "Watu gani? Nitajie." Unamtaja mmoja. "Mwingine?" Unajiumauma. Mara nyingi ilionekana watu wale ni wewe na shoga yako. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alisema hata nyumbani ndivyo alivyo, na kwamba tangu aolewe hajawahi kufaulu kumpa umbea ukaiva.

Lakini ukimchukua kama mtu wa msimamo, ambaye huwezi kumyumbisha, utakuwa hukumwona akiwa Iringa. Mwaka mmoja kwaya ilimsindikiza kwao Idodi kwenye msiba wa kaka yake. Mwalimu tuliyemjua Mbeya alikuwa hagusi pombe, anaosha kikombe chake mwenyewe, na akiongea na mkewe unaweza kudhani anaongea na mchungaji. Tulipofika Idodi, hata jua halijapoa, alikuwa kwenye benchi na wazee wa rika lake, ana kikombe cha ulanzi mkononi, anacheka kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo, na anamwagiza mkewe kwa kidole. Kihehe kilikuwa kinamtoka kwa kasi. Hata kukaa kwake kulikuwa kwingine, magoti mbali, kifua mbele.

Nilimkuta Mama Mwalimu jikoni anapepeta mchele. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama ndiye yule yule.

"Huyo akivuka Makambako anabadilika," alisema bila kuinua kichwa. "Na tukirudi, akivuka Makambako anabadilika tena. Nimeshazoea. Nina waume wawili na ndoa moja."

Tuliporudi Mbeya alikiosha kikombe chake pale pale kwenye bomba la kanisa, kama vile hakuna kilichotokea. Sidhani kama alikuwa mnafiki. Mnafiki anajua anaigiza. Yeye, nadhani, alikuwa Mwalimu huku na ndugu kule, na kote alikuwa anasema kweli.

Nimeyasema haya ili nieleze yaliyompata Sekela, na ambayo Mwalimu alifanya, na ambayo hakufanya.

Sekela alikuwa sauti ya pili kama mimi, mjane, muuza dagaa wa Nyasa pale Mwanjelwa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutulia, na mistari ya peke yake karibu yote alipewa yeye. Tulialikwa kuimba kwenye harusi Makambako. Asubuhi ya safari basi la Kosta limeshajaa, Sekela akaja mbio, akasema hawezi kwenda, mzigo wake wa dagaa umefika kutoka Kyela na hana mtu wa kuupokea. Tukamlaumu kidogo, tukaondoka. Tulipopita Igawa tairi la mbele likapasuka, gari likalala ubavu. Mzee wetu mmoja wa besi alifariki pale pale. Wengine tuliumia. Mimi mkono ulivunjika, nikalazwa.

Nililisikia tairi likipasuka kwa masikio yangu. Nilikuwa nimekaa karibu na dereva, na mlio ule sitausahau. Basi sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu wa kwanza kuja kunitazama wodini alisema, "Bahati ya Sekela." Wa pili akasema, "Sekela naye, kama aliyejua." Baada ya hapo wakaja wawili pamoja, wakavuta viti karibu, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama asubuhi ile sikuona kitu usoni kwake. Na mimi niliyelisikia tairi, nimelala pale na mkono wangu kwenye hogo, nikaanza kuukumbuka uso wa Sekela, na kila nilipoukumbuka ulizidi kuwa wa ajabu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekimbia, anayehema. Ukawa uso wa mtu anayeficha.

Mwalimu alikuja siku iliyofuata, shavu lake lina bandeji. Alikaa, akaniuliza hali, kisha akaniuliza, "Umesikia ya Sekela?"

"Nimesikia. Watu wote wanasema ametuloga."

Nilingoja aniulize watu gani. Hakuuliza. Alikuwa ameshawazungukia. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akamkalisha kila mwanakwaya peke yake, akamuuliza swali moja: wewe, kwa macho yako, umeona nini?

"Hakuna aliyeona," alisema. "Kila mmoja ameambiwa na mwenzake. Na wengi, nikiwa nao peke yao, wananiambia, 'Mimi Mwalimu siamini sana, ila wenzangu wanaamini.' Karibu wote wananiambia hivyo. Sasa wenzao hao ni akina nani?"

"Utawaambia?"

"Jumamosi kuna baraza la wazee wa kanisa. Nitalisema pale."

Nilifurahi. Kule nje, kama nilivyosimuliwa, mambo yalikuwa yanaharibika. Pale sokoni wateja walikuwa wanampita Sekela kama kwamba meza yake haipo. Mwenye nyumba alimpa notisi. Mazoezini, aliposimama kwenye nafasi yake, mstari ulisogea, pakabaki pengo pande zake mbili, na hakuna aliyemgusa wala kumtukana.

Jumamosi baraza likakaa. Mzee mmoja mwenye heshima kubwa alisema kwamba hasemi Sekela ni mbaya, ila kwa amani ya kwaya apumzishwe kwa muda. Wa pili akaunga mkono. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Mwalimu alikuwepo, na alikuwa na maneno ya kwaya nzima kifuani. Hakusema. Walipoulizwa wanaokubali, mkono wake ulipanda pamoja na mingine.

Haya nilisimuliwa na Mama Mwalimu, ambaye alisema mumewe alirudi nyumbani akakataa kula, na sweta hakuivua.

Sekela akapumzishwa. Sasa ndipo Mwalimu alipofanya jambo lake. Jumatatu, baada ya kufunga duka lake mapema, alichukua kigoda akaenda kukaa mbele ya meza ya dagaa. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kutoka hospitali, na cherehani yangu iko ng'ambo ya kichochoro, nikaona na kusikia yote.

Sekela alimtazama. "Mwalimu, kwenye kikao ulinyamaza. Hapa umekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu, mama."

"Kaa basi. Lakini usinizibie dagaa."

Akasogeza kigoda. Alikaa mpaka soko likaanza kufungwa, anapiga soga na wapita njia, anamsalimia kila anayemjua, na yeye alijuana na nusu ya soko. Mtu akisalimiwa lazima asimame. Akisimama anajikuta amesimama mbele ya Sekela. Kesho yake alikuja tena. Keshokutwa yake alikuja na Mama Mwalimu, ambaye alinunua dagaa mbele za watu, akaonja mmoja, akasema wamekauka vizuri. Mimi nikavuka kichochoro na mkono wangu wa hogo, nikakaa nao kitambo. Mchuuzi wa vitunguu wa meza ya jirani, aliyekuwa amegeuza mgongo siku zote hizo, akageuka, akamwomba Sekela chenji.

Ilichukua muda. Lakini wateja walirudi, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema kwamba amerudi. Mwenye nyumba aliacha kuizungumzia ile notisi. Siku moja wanakwaya wakaona haya, wakatuma watu watatu kwenda kumwomba Sekela arudi. Mwalimu hakuwa kati yao. Hao watu watatu waliniambia Sekela aliwakaribisha, akawapikia chai ya maziwa, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Nimewasamehe," akawaambia. "Lakini pale katikati yenu sisimami tena."

Sasa anaimba kwenye kwaya nyingine upande wa Iyunga. Nikipita huko Jumapili naisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni.

Mwalimu aliendelea kutufundisha miaka kadhaa baada ya hapo, lakini alikuwa amepungua. Alirekebisha nyimbo bila ukali. Hakuna aliyemlaumu kwa ule mkono wake, kwa sababu waliojua walikuwa wameinyoosha mikono yao pia. Miguu ilipoanza kumsumbua alimwachia mpwa wake duka, akarudi Idodi na mkewe.

Nilimwona tena mwaka jana. Binti yangu alikuwa anahitimu chuo Iringa mjini, na sherehe ilipokwisha nikaona siwezi kurudi Mbeya bila kumfikia. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Idodi.

"Kamwene!" Mama Mwalimu alinipokea mlangoni, akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwalimu alikuwa ukumbini, amekonda zaidi, fimbo iko kando. Alinikumbuka mara moja, mpaka na sauti yangu ya pili. Tulikula, tukacheka. Lakini nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo nyumba ya kijijini haiwi. Watu walipita barabarani bila kupaza salamu. Nikauliza kama wote ni wazima.

"Wametususa," Mama Mwalimu alisema. "Mwambie, baba."

Akanieleza. Maji ya mfereji unaonywesha mashamba ya mpunga yalikuwa yamepungua, na kijiji kikasema ni familia ya wafugaji iliyohamia juu ya mfereji miaka michache nyuma, kwamba wanayazuia kwa ajili ya ng'ombe wao. Ukaitwa mkutano, wakapitisha kwamba ile familia iondoke baada ya mavuno. Mwalimu aliomba kusema. Aliuliza nani amefika kule juu akaona. Watu wakaguna. Akasema, "Basi mimi sikubali," akakaa.

"Maneno hayo tu?" niliuliza.

"Hayo tu." Akatazama mikono yake. "Kule Mbeya nilikuwa na maneno mengi, nayajua yote, nikanyamaza. Nilizitazama zile nyuso za wazee, watu niliokula nao, nikaona siwezi kuwa peke yangu. Kujua hakukunisaidia. Hapa nikasema, acha niseme lile moja kabla sijazitazama nyuso."

Wazee wa rika lake walikuwa hawaji tena kumchukua jioni. Jirani wa kushoto alikuwa ameacha kumletea mboga.

Tulikuwa bado tunaongea niliposikia mlango wa nyuma, wa upande wa jikoni. Akaingia mwanamke wa makamo, ana kikapu cha mahindi mabichi kwenye mkono, anatazama nyuma yake. Aliponiona akasita.

"Ni wa nyumbani," Mama Mwalimu alimwambia.

Mwanamke akaweka kikapu chini. "Mwalimu, sikai. Nimekuja kukuambia siku ile ulisema kweli. Ile familia mimi nawajua, mtoto wao anasoma na wangu. Hata mimi moyoni sikukubali."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema peke yangu?"

Mwalimu alitazamana na mkewe, na mkewe akaziba mdomo kwa kanga. Sikujua kama anacheka au analia.

"Kesho saa kumi jioni njoo tunywe chai," Mwalimu akamwambia. "Lakini upite mlango wa mbele."

"Wataniona!"

"Ndiyo. Njoo tu."

Alipoondoka, Mwalimu akaniambia huyo si wa kwanza kupita jikoni. Tangu mkutano walikuwa wamekuja mmoja mmoja, mwanamume wa mashine ya kusaga, mwalimu mkuu mstaafu, vijana wawili wa mpunga kila mmoja kwa siku yake, hata mmoja wa wale wazee wa benchi. Kila mmoja alinong'ona yale yale, na kila mmoja aliamini yuko peke yake kijiji kizima. Na kila mmoja amealikwa chai kesho saa kumi, bila kuambiwa kuna wengine.

Niliahirisha safari.

Siku ya pili Mama Mwalimu aliazima vikombe kwa dada yake. Tukapanga viti nje, mbele ya nyumba, mahali panapoonekana barabarani. Saa kumi ikafika, hakuna mtu. Mwalimu alikaa, mikono juu ya fimbo. Kisha akatokea yule wa mashine ya kusaga, amevaa shati safi, anatembea kama mtu anayepita tu. Akakaa. Hakuwa amemaliza kusalimia alipotokea mwalimu mkuu mstaafu. Wakatazamana.

"Na wewe?" akasema wa mashine.

"Na wewe?" akasema mwenzake.

Mwanamke wa mahindi alifika, akasimama kwenye ua, akawahesabu kwa macho. Vijana wa mpunga walitokea pande mbili tofauti. Wa mwisho alikuwa mzee wa benchi, polepole, na alipowaona wote wamekaa alisimama pale njiani, akavua kofia, akaishika kifuani. Sijui alikuwa anamheshimu nani. Nadhani alikuwa anapumua.

Mama Mwalimu akaanza kumimina chai. Halafu mwanamke wa mahindi akaweka kikombe chake chini.

"Mwenyekiti wa kijiji yupo nyumbani saa hizi," alisema. "Nimemwona. Twendeni tukamwambie."

Wakanyanyuka. Mwalimu akataka kunyanyuka nao, goti likagoma, na mzee mwenzake akarudi, akampa mkono. Wakaenda wote, wameijaza barabara, naye yuko katikati yao, si mbele wala nyuma.